Mpeni Filimbi Kabla Hajatundika Daruga

Hotuba kwa walimu wa michezo, wazazi na wanafunzi wa kike, Chake Chake, Pemba

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Mgeni rasmi, masheha mliofika, walimu wangu, wazazi, na nyinyi wanangu mliokaa kwenye majamvi hapo mbele: ahsanteni kwa kuniita nyumbani. Nimeombwa nieleze njia niliyopita kutoka skuli hadi kwenye kazi ya ukocha. Nitaieleza, ila nakuombeni kitu kimoja. Kila nitakapomtaja mtu aliyenifungulia mlango, mumhesabu kwa kidole. Vidole vya mkono mmoja vitatosha, na uchache huo ndio ulionileta hapa.

Mimi ni mtoto wa upande wa Konde. Mpira niliuanzia pwani. Maji yakishakupwa, mchanga wa kwetu hubaki mgumu kama sakafu kwa saa mbili tatu, na wavulana walikuwa wakishuka na mpira wa matambara uliokazwa kwa kamba ya nailoni. Sisi wasichana tulishuka na ndoo, kuokota chaza. Nikiijaza ndoo yangu mapema waliniruhusu nikae golini, maana golini hakuna mvulana aliyetaka kukaa. Sasa golikipa, wanangu, uwanja wote uko mbele ya macho yake. Anamuona beki aliyezubaa, anamuona winga aliyeachwa peke yake. Nikaanza kupiga kelele. "Rudi nyuma! Huyo wa kulia yuko na nani? Usiufuate mpira, mfuate mtu!" Mwanzo walinifokea. Baadaye wakaona upande niliopo haufungwi ovyo, wakawa wananigombania. Nilikuwa na miaka kumi, na kazi ninayolipwa leo nilikuwa nikiifanya tayari, miguu imejaa mchanga na ndoo ya chaza imewekwa kuwa nguzo ya goli.

Skuli nilikuta mambo yamepangwa. Kila Septemba, tunapoadhimisha kutangazwa kwa elimu bila malipo mwaka 1964, skuli zinashindana kwa michezo, na kila mmoja wenu anaijua siku hiyo ilivyo: vumbi, ngoma, nyimbo za kutambiana. Wakati wangu mpira wa miguu ulikuwa wa wavulana, sisi tukapewa mpira wa pete. Siusemi vibaya mpira wa pete hata kidogo. Ukishaudaka huruhusiwi kukimbia nao, na una sekunde tatu tu za kuutoa. Wenzako wasipojua kujitokeza kwenye nafasi, umekwama. Mpaka leo nikipata timu ya wasichana wanaoukimbilia mpira wote kwa pamoja kama kuku waliomwagiwa mtama, nauweka kando mpira wa miguu, nawapa ule wa pete kwa robo saa. Siku ya tatu utawaona wameanza kutawanyika wenyewe. Hilo sikulipata kwenye kitabu cha ukocha, nililipata kwenye kiwanja cha skuli cha hapa hapa Pemba.

Mwalimu wetu wa michezo alikuwa mwanamke, akisomesha Jiografia. Alikuwa ananyonyesha, na nyumba yake ilikuwa nyuma ya skuli. Tukiwa katikati ya mazoezi, saa kumi na nusu hivi, mtoto wa jirani anakuja mbio: mwalimu, mtoto analia. Mwalimu anaivua filimbi shingoni mwake, ya plastiki ya njano, imefungwa kwa kamba ya kiatu, ananivisha mimi. "Waendeshe mpaka nirudi." Hakusema zaidi ya hapo. Mimi nipo kidato cha pili, mbele yangu kuna dada wa kidato cha nne walionizidi kimo na sauti. Siku ya kwanza nilipuliza, wakacheka, hawakutoka walipokuwa. Siku ya pili nilimfuata nahodha wao mapema, nikamwambia: dada, leo nataka tupige pasi watatu watatu, nisaidie kuwapanga. Akawapanga. Tangu siku ile sijaendesha mazoezi bila ya kuzungumza kwanza na nahodha, hata kama nahodha mwenyewe ana miaka kumi na mbili.

Mihula miwili niliivaa filimbi ile. Nimekwenda kozi kadhaa baadaye, kwa pesa na kwa tabu, na hakuna iliyonifundisha zaidi ya zile nusu saa ambazo mwalimu wangu alikwenda kumnyonyesha mwanawe. Anzeni kuhesabu hapo.

Wa pili ni baba yangu. Nilipofika kidato cha tatu tulikuwa tumeanza kucheza mpira wa miguu wenyewe kwa wenyewe, na maneno yakafika nyumbani kabla yangu. Ilikuwa msimu wa karafuu. Usiku tumekaa tunachambua, karafuu huku, makonyo huku, vidole vinanata na nyumba nzima inanukia. Baba hakuinua uso. Akasema, nasikia unacheza mpira. Nikasema naam, baba. Akaniuliza mambo matatu. Nani anakuwa nanyi? Mnavaa nini? Mnarudi saa ngapi? Nikamjibu. Mwalimu wetu, unamjua. Suruali ndefu ndani, bukta juu, na ushungi. Kabla ya Maghribi. Akanyamaza, akaendelea kuchambua mpaka pishi iliyokuwa mbele yake ikaisha. Kisha akasema, basi usikose chuoni, kwenye Qur'ani. Sikukosa.

Nimekaa na maswali yale matatu zaidi ya miaka ishirini. Watu wa mbali wanasema wazazi wa Pemba ni wagumu kwa watoto wa kike. Mimi nimepiga hodi nyumba nyingi, Pemba na Unguja, nikiomba wasichana, na nimeulizwa maswali hayo hayo kwa maneno tofauti. Ni maswali ya mzazi mwenye akili, na yana majibu. La saa ni la kupanga. La nguo limekwisha: tangu mwaka 2014 sheria za mpira duniani zinaruhusu kufunika kichwa, mradi kitambaa kiwe cheusi au cha rangi kuu ya jezi, kikae vizuri kichwani, kisishonewe kwenye jezi, kisiwe na kinachoning'inia wala kinachoweza kuumiza. Mwaka 2023 Nouhaila Benzina wa Morocco alicheza Kombe la Dunia na hijabu yake. Kwa hiyo mtu asikwambieni tena kwamba mpira na ushungi havikai pamoja.

Linabaki lile la kwanza, nani anakuwa nao, na hapo ndipo tunapokwama. Mwalimu akihamishwa, au akijifungua, au akistaafu, jibu linaondoka naye. Baba aliyeruhusu jana anakataa leo, na ana haki, kwa sababu aliyemkabidhi mwanawe hayupo tena. Nimeziona timu za wasichana zikifa hivyo. Wasichana wapo, mipira ipo, kiwanja kipo, na timu imekufa.

Nilipokwenda Unguja kuendelea na masomo, nilipanda meli Mkoani na begi moja, nikafikia kwa shangazi yangu, Jang'ombe. Kule nikasikia habari ambayo kijijini kwetu haikuwa imefika: kwamba wanawake wa Unguja wanacheza mpira tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, kwamba kuna timu inaitwa Women Fighters, na kocha wake, Bi Nassra Juma, ni mwanamke. Usiku ule sikulala vizuri. Kumbe ipo kazi! Mpaka hapo nilidhani yale niliyokuwa nikiyafanya na filimbi ya mwalimu ni msaada tu, kama kufuta ubao.

Shangazi naye mtieni kwenye hesabu. Majirani walipoanza kuuliza huyu mtoto wenu anakwenda wapi kila alasiri na viatu mkononi, yeye alikuwa akijibu, "Anakwenda nilikomtuma." Neno hilo tu. Na jezi yangu alikuwa akiifua na kuianika mbele ya nyumba, si uani.

Nilicheza Unguja miaka, safari hii kiungo. Ligi Kuu ya wanawake ya Tanzania Bara ilipoanza msimu wa 2016/17, ile ambayo Mlandizi Queens walikuwa mabingwa wa kwanza, nikaona mlango umefunguka, na baada ya muda nikavuka. Timu iliyonichukua siitaji jina. Waliniahidi mshahara kwa mdomo. Kwa miezi minne nilipata chakula, pahala pa kulala na nauli. Nilipodai, nikaulizwa karatasi yangu iko wapi. Sikuwa na karatasi. Wanangu, anayekutaka kweli atakuandikia. Hata ukurasa mmoja: kiasi gani, kila tarehe ngapi, ukiumia nani anatibu. Uisome na mtu mzima kabla hujaitia saini. Sitaki hata mmoja wenu aulizwe swali lile akiwa peke yake kwenye mji wa watu.

Swali la nani anatibu lilinifika mapema. Ilikuwa mechi ya kawaida, dakika za mwisho, na hakuna aliyenigusa. Niliruka kupiga kichwa, nikatua kwa mguu mmoja, goti likaingia ndani. Nilisikia mlio kama ukuti mkavu unaovunjwa. Kano ya mbele ndani ya goti ilikuwa imekatika.

Hapa niruhusuni niende polepole, maana mbele yangu kuna walimu wa michezo, na jambo hili linawahusu zaidi kuliko kombe lolote. Msichana anayecheza mpira yuko kwenye hatari ya kukatika kano hiyo mara mbili au zaidi kuliko mvulana. Sababu ziko kadhaa, za maumbile na za mafunzo, na ile ya mafunzo iko mikononi mwenu. Mvulana amekuwa akiruka na kutua tangu ana miaka minne, juu ya mikarafuu, juu ya kuta, ndani ya maji. Msichana wetu tumemwambia atulie. Halafu akifika miaka kumi na nne tunampa mpira na kumwambia aruke. Misuli ya mapaja na nyonga haijajifunza kulishika goti lisiingie ndani.

Tiba ya kinga haina gharama. FIFA wana mpango wa kupasha mwili unaoitwa 11+, wa dakika ishirini, mara mbili kwa wiki au zaidi. Wataalamu wa Norway waliujaribu kwa wasichana wa miaka 13 hadi 17, matokeo yakachapishwa mwaka 2008, na majeraha makubwa yalipungua kwa karibu nusu. Hautaki mashine wala chumba cha mazoezi. Mimi naufanya hivi: wasichana wawili wawili wanatazamana. Mmoja anaruka juu na kutua kwa miguu miwili, mwenzake anatazama magoti tu, hatazami uso. Magoti yakikaa juu ya vidole vya miguu anasema "sawa". Yakikutana ndani anasema "tena". Utue kimya kimya, kama paka anayeshuka dirishani. Ukisikia kishindo, rudia. Wiki ya sita wanatua kwa mguu mmoja na goti halitikisiki. Angekuwepo mtu wa kuniambia "tena" nilipokuwa na miaka kumi na minne, huenda leo ningekuwa na magoti mawili mazima.

Basi nikawa na umri wa miaka thelathini, goti limefungwa bendeji, nimerudi kwa shangazi. Niliwafikiria niliocheza nao. Hodari, wallahi, wenye akili ya mpira kuliko wanaume wengi wanaokaa kwenye mabenchi ya ufundi. Mmoja anauza urojo, mmoja ana duka la mitandio, wengine wako majumbani na watoto wao. Sizidharau kazi hizo. Kinachoniuma ni kwamba mwanamme akitundika daruga leo, wiki ijayo kuna timu ya mtaani inamwita "kocha". Wao hakuna aliyewaita. Kila walichokijua kimekaa nao majumbani.

Mimi nilikuwa nimeshavaa filimbi kidato cha pili. Tofauti yetu ni hiyo tu, na nasema hivi bila unyenyekevu wa uongo, kwa sababu wapo walionizidi. Nilipokaa na goti langu, tayari kichwani nilikuwa na picha ya mimi kuendesha mazoezi. Wao hawakuwa nayo. Mtu hawezi kuiendea kazi ambayo hajawahi kujiona akiifanya hata nusu saa.

Leseni za ukocha za CAF, shirikisho la mpira wa miguu Afrika, zina ngazi: unaanza D, unapanda C, B, A, mpaka Pro, na huruki ngazi. Ada ya D nilikuwa sina. Juu ya ada kuna meli, kuna pa kulala, kuna siku ambazo huuzi wala hufanyi kazi. Wanawake wa upatu wetu walikaa kikao, wakanipa zamu yangu mapema, ilhali zamu ilikuwa ya mwenzangu aliyetaka kuezeka nyumba. Alilala chini ya bati linalovuja masika yale ili mimi nikasome. Wahesabuni wote kwa kidole kimoja, ingawa walikuwa kumi na wawili.

Darasani tulikuwa wanawake wawili. Siku ya kufundisha kwa vitendo nilipewa wachezaji kumi na sita na robo saa. Nikasimama katikati ya uwanja, kwa kujiamini, nikapuliza, nikaanza kuelekeza. Mkufunzi akasimamisha mchezo. Akaniuliza taratibu, "Mwalimu, nyuma ya mgongo wako kuna wachezaji wangapi?" Sikujua. Nikageuka, walikuwa saba, wawili wamekaa chini. Akanishika bega akanipeleka kwenye pembe, nje ya mstari. "Simama hapa. Sasa tazama." Nikatazama, na uwanja wote ulikuwa mbele ya macho yangu, kila beki, kila winga, kama nilivyokuwa nikiuona pwani ya Konde kutoka kwenye ile ndoo ya chaza. Machozi yalinitoka na sikuyafuta. Mkufunzi huyo ndiye kidole cha mwisho.

Leo naishi kwa kazi hii. Ninao mkataba, na nimeusoma. Na siko peke yangu. Ester Chabruma, ambaye wengi mnamjua kwa jina la Lunyamila, aliichezea Twiga Stars, timu ya taifa ya wanawake ya Tanzania, kisha mwaka 2023 alikuwa kocha wa JKT Queens walipokwenda Côte d'Ivoire kwenye Ligi ya Mabingwa ya wanawake Afrika. Desiree Ellis alikuwa nahodha wa Afrika Kusini kabla ya kuwa kocha wao, na mwaka 2022 akawapa ubingwa wa Afrika. Hata hivyo, kwenye Kombe la Dunia la wanawake la 2023, kati ya makocha wakuu 32, wanawake walikuwa 12. Mchezo wa wanawake, na zaidi ya nusu ya makocha ni wanaume. Nafasi zipo na zinasubiri watu.

Kwetu Zanzibar kuna jambo jingine. Sisi si wanachama wa FIFA. CAF walitupokea mwezi wa Machi 2017 na Julai ya mwaka ule ule wakatutoa, na najua uchungu ule bado haujatoka vifuani mwa watu. Mchezaji wetu anayetaka Kombe la Dunia lazima apitie timu ya Tanzania. Klabu zetu, kwa upande wao, zinakwenda: mwaka 2021 New Generation walikuwa Nairobi, kwenye mashindano ya CECAFA, ya nchi za Afrika Mashariki na Kati, ya kutafuta nafasi ya Ligi ya Mabingwa. Na leseni ya ukocha inasomeka Morocco kama inavyosomeka Wete. Haimuulizi mtu bendera yake.

Walimu wakuu, ninachokiomba hakihitaji bajeti. Kila skuli yenye timu ya wasichana ichague wasichana wawili wa kidato cha pili au cha tatu wawe wasaidizi wa kocha. Wasiwe wa kubeba maji. Wapewe robo saa yao ya kuendesha mazoezi, kila wiki, mwalimu akiwa pembeni, na daftari la kuandika walichokifanya. Wakimaliza kidato cha nne wapewe barua inayosema wamefanya kazi hiyo miaka miwili. Wazazi, mwalimu akihamishwa, mtakuwa na binti wa mtaa wenu mnayemjua yeye na mnaowajua wazazi wake, anayeweza kusimama na wadogo zake mpaka mwalimu mwengine afike. Na wanaoshughulikia ada za kozi hapa Pemba, nakuombeni kozi za mwanzo zifanyike huku huku, ili mwanamke mwenye mtoto mchanga asilazimike kuchagua kati ya meli na mwanawe.

Kuanzia Jumamosi hii nitakuwa uwanjani Gombani, baada ya sala ya alasiri, kwa wiki nne. Leteni wachezaji wenu wazuri, nitafurahi kuwaona. Lakini kutoka kila skuli nileteeni na yule mwengine, mnamjua, yule ambaye pengine hata kwenye timu hayumo, anayesimama nje ya mstari sauti imemkauka kwa kuwaambia wenzake nani yuko peke yake na nani arudi nyuma. Mipira ninayo kumi na miwili. Filimbi nimenunua ishirini, na zikipungua nitaongeza.

Ahsanteni sana.